Neno Lililoanikwa Kwenye Kamba Yetu

Kamba ya nguo ya pale kwetu Mabanga, mjini Goma, ilikuwa yetu wawili, mimi na Mama Charline. Upande mmoja ilifungwa kwenye nguzo ya nyumba yangu, upande wa pili kwenye nguzo ya nyumba yake. Aliyeifunga ni marehemu mume wangu, Musafiri, aliyekuwa dereva wa magari ya mizigo ya Butembo. Lava ya mwaka 2002 ilifunika nyumba yetu ya kwanza, na mji wakati huo ulikuwa mikononi mwa waasi, kwa hiyo hapakuwa na serikali ya kuililia. Tukahamia Mabanga. Musafiri akajenga nyumba ya mbao, akaizungushia ukuta wa mawe meusi, na siku aliyomaliza akafunga kamba. Jirani walipomuuliza mbona kamba yako inaingia kwetu, alisema, "Asubuhi jua liko kwenu, jioni liko kwangu. Tugawane."

Mama Charline jina lake ni Victoire. Yeye ni Mnande wa Butembo, Mkatoliki. Mimi naitwa Kuluthumu, ila pale wananiita Mama Umi, na ni Mwislamu wa ukoo wa Maniema. Lakini nguo mbichi hazina dini. Mvua ya Goma haipigi hodi, na kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu: yeyote aliyeko nyumbani anaanua nguo zote, zake na za mwenzake. Anazikunja, anazitia katika beseni, na mwenyewe akirudi anapelekewa. Naye akishatoa nguo zake, harudishi beseni tupu. Anatia chochote: kiazi, kipande cha sabuni, majani ya chai. Hatukukaa chini kukubaliana. Ilianza tu, ikaendelea.

Nilikuwa nikiishi na mjukuu wangu Nasiba, mtoto wa binti yangu Umi. Umi alifariki Nasiba akiwa bado ananyonya, kwa hiyo mimi ni koko wake, kama wajukuu wanavyotuita huku, na ni mama yake pia. Mwaka 2021 alikuwa amemaliza sekondari na alikuwa anajifunza Kiingereza pamoja na Charline, binti wa Victoire. Mwalimu wao alikuwa Léopold wa mtaa wa Mapendo, mzee mwembamba ambaye zamani aliwafanyia ukalimani madaktari wa kigeni, mpaka masikio yake yakaanza kuchoka. Alikuwa na chumba cha kufundishia, mwenye chumba akakihitaji, na wanafunzi wakatawanyika. Walibaki hao wawili. Nikamwambia, "Mwalimu, uwanja wangu una kivuli mpaka saa sita. Njoo na chaki yako."

Mwezi wa nne Mwalimu Léopold alikuja na habari. Shirika moja la afya lilitaka mkalimani wa Kiswahili na Kiingereza, mtu mmoja, kijana wa hapahapa Goma. Mtihani ungekuwa mwezi wa sita.

Habari hiyo ilinigusa kuliko alivyojua. Mwanangu Ismael, aliyeko Kindu na ana duka lake huko, alikuwa amechoka kunipigia simu. "Mama, unangoja nini juu ya hayo mawe? Volkano upande huu, bunduki upande ule. Njooni Kindu." Mimi sikutaka kuondoka. Kila ubao wa nyumba ile nilimshikia Musafiri akiupigilia. Mwishowe Nasiba ndiye aliyetupatanisha. Alimwambia mjomba wake kwenye simu, mimi nikisikia: "Nikipata hii kazi, nitamtunza koko hapa na tutabaki. Nikikosa, tunakuja wote, na koko hatabisha tena."

Ismael akasema sawa. Na mimi nikasema sawa. Nyumba yangu ikawa imening'inia kwenye mtihani wa Kiingereza.

Mwalimu Léopold aliwakataza maneno makubwa. "Madaktari hawasemi maneno makubwa," alisema. "Mgonjwa yuko mbele yao, watu wamejaa mlangoni. Wanasema hili." Akaandika ubaoni neno dogo la herufi tatu: *get*.

Kesho yake alikuja na gunia jeupe la unga, akalikata vipande virefu kama riboni, na juu ya kila kipande akaandika kwa kalamu ya wino mzito sentensi moja aliyowahi kuisikia kutoka kwa madaktari wake. Ndani ya kila sentensi lilikuwemo neno lilelile. Akavibana kwa vibanio kwenye kamba yetu, kuanzia nguzo yangu hadi nguzo ya Victoire, katikati ya mashuka na soksi. Upande wangu alianika mambo ya mwendo: kuamka, kushuka, kupanda, kutoka, kuvuka, kufika, kupotea. Upande wa Victoire alianika mambo yanayompata mtu: kuugua, kupona, kulowa, kukasirika, kuolewa, kuzoea.

Nilimuuliza, "Mwalimu, vitambaa vyote hivi ni verbe moja?"

"Kitenzi kimoja tu, mama."

"Na maana yake ni nini?"

Akacheka. "Chai ikipoa, ni hiyo. Mtu akishuka kwenye gari, ni hiyo. Akioa, ni hiyo. Akipokea barua, akishikwa na homa, homa ikimwachia, yote ni hiyo."

Victoire alikuwa anafua upande wake. Aliinua kichwa. "Basi ile verbe inafanya kazi zote za nyumba, zingine zinakaa tu, sawa na bibi mudogo kati ya wake wenza!"

"Mama Charline," mwalimu akamwambia, "umeshaona chukudu inapita?"

"Kila siku. Inanikosa kidogo tu."

"Chukudu ni mbao mbili na magurudumu. Haina sura ya kitu. Leo imebeba makaa, kesho viazi, kesho kutwa kitanda cha bibi arusi. Huwezi kuiuliza chukudu unaenda wapi. Unaangalia mzigo. Na hili neno ni hivyo. Msilitazame lenyewe, tazameni alichopakia mtu juu yake."

Nikafikiri kidogo, nikasema, "Hata sisi tunayo ya namna hiyo. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga foto, tunapiga magoti, na hakuna hata mtu mmoja aliyeumia."

Mwalimu alifurahi sana. Alikuwa mtu wa kufurahi ukimpa kitu kidogo.

Sheria yake ilikuwa moja. Kila msichana alipewa uzi wake, Nasiba mwekundu, Charline wa buluu. Hukufunga uzi kwenye kitambaa kwa sababu umekariri. Ulifunga siku jambo lenyewe lilipokutokea kweli, ukalisema kwa Kiingereza mbele ya mwenzako. Kwa hiyo walianza kuishi kama watu wenye wazimu. Charline alisimama chini ya mfereji wa paa mvua ikinyesha, akilitamka kwa sauti lile neno la kulowa, na mama yake akimfuata na taulo. "We mutoto, utaugua!" Charline akajibu kwa Kiswahili, akitetemeka, "Nikiugua, mama, nafunga uzi wa pili."

Nasiba alitaka kufunga kitambaa cha kupotea. Aliingia vichochoro vya Mabanga asubuhi, akageuka kushoto na kulia bila mpango, na kila alipofika mtu alimsalimia. "Nasiba, koko wako hajambo?" Alirudi amekasirika.

"Koko, huku siwezi kupotea."

"Basi funga kile cha kukasirika," nikamwambia. Akakifunga.

Jumamosi tarehe 22 Mei, jioni, mlima ulipasuka. Sitaeleza mengi, maana kila mtu wa Goma anayo ya kwake. Mbingu ilikuwa nyekundu, tukatoka na vitu mikononi, na kulipokucha tukaambiwa lava imesimama Buhene, ukingoni mwa mji, tukarudi. Lakini ardhi haikutulia. Siku zile ilitikisika mpaka sufuria zikawa zinaongea zenyewe kwenye rafu. Kisha Alhamisi asubuhi radio ikatangaza kwamba kartie zetu, Mabanga na Mapendo na nyingine nyingi, zihame mara moja.

Nilikuwa ndani nafunga vyombo kwenye kitenge. Donat, mume wa Victoire, alikuwa amepata nafasi kwenye lori linaloelekea Sake, na lori lilikuwa linapiga honi barabarani. Nikasikia sauti ya Victoire uani.

"Mama Umi! Naanua!"

Kulikuwa hakuna mvua. Mji wote ulikuwa unakimbia, lakini yeye aliona nguo kwenye kamba na mimi niko ndani, na mikono yake ikafanya ilichozoea. Alianza upande wake, anabandua vibanio na kutupa nguo begani, zangu na zake, na vitambaa vya mwalimu humohumo. Alipofika katikati, Donat akapaza sauti.

"Victoire! Unataka tufe sababu ya mashuka?"

Akaondoka mbio na rundo lake. Nasiba alitoka, akaanua nusu iliyobaki, akaitia kwenye mfuko wake. Hivyo ndivyo lile neno lilivyogawanyika. Nusu yake ilienda Sake na Charline, nusu ilivuka mpaka pamoja nasi kwa miguu hadi Gisenyi, Rwanda.

Huko Gisenyi mama mmoja anayeitwa Harelimana alituona tumekaa kando ya njia. Hatukuwa tunamjua. Aliwatoa mbuzi wake kwenye kibanda, akakifagia, akatandika majani makavu, na mbuzi wakalala nje kwenye baridi. Asubuhi aliwaomba radhi mbuzi, kwa Kinyarwanda, mbele yetu. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Na huko Nasiba alipotea kweli. Alienda kuchota maji, na njia zote zilikuwa zimejaa watu waliobeba magodoro, akashindwa kuona kibanda kiko wapi. Alirudi jua likiwa juu, ndoo imepungua nusu, macho mekundu. Alitoa kitambaa kwenye mfuko, akanitazama mimi kwa sababu Charline hakuwepo, akasema sentensi yake, akafunga uzi. Nilimwitikia kama niliyeelewa.

Tuliporuhusiwa kurudi, mwezi wa sita, nyumba ya Musafiri ilikuwa imesimama. Wezi walikuwa wameingia, wakachukua unga, mafuta, sabuni, hata kijiko cha kupakulia. Nyumba ya Victoire ilikuwa ya matofali, na tetemeko lilikuwa limeangusha ukuta wa mbele. Ungeweza kuona kitanda chao kutoka barabarani. Wenyewe walikuwa bado Sake, wanalala darasani na familia nyingine. Mwalimu Léopold alikuwa amepanda boti kwenda Bukavu kwa dada yake, na simu yake haikupatikana.

Ismael alipiga simu. "Mama, umeona sasa?"

"Mtihani bado," nikasema.

"Mama."

"Tulikubaliana, Ismael. Mtihani bado."

Nasiba alianika nusu yake kwenye kamba. Karibu vitambaa vyote vilikuwa na uzi mwekundu. Upande wa Victoire kamba ilikuwa tupu, inapigwa na upepo. Nilimkuta ameketi anautazama upande ule.

"Koko, watu wanaougua na kupona na kuzoea, wote walienda Sake. Mimi nimebaki na wanaopanda na kushuka."

"Telefone haiwezi kukupa?"

"Inanipa maneno. Hainipi sentensi za mwalimu, zile alizozisikia mwenyewe kwa madaktari. Nilikuwa sijazishika vizuri."

Siku chache kabla ya mtihani, Victoire alikuja. Alikuwa amepata nafasi kwenye gari la viazi, likaharibika, akamalizia kwa miguu. Kichwani alikuwa na beseni la plastiki. Aliliweka chini mbele yangu kabla hajaketi, kabla hajaomba maji.

"Mama Umi, nguo zako. Zilininyima usingizi."

Zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa: kitenge changu, shuka, sweta la Nasiba. Mwanamke huyu alilala chini darasani, na maji aliyapangia foleni, lakini alifua nguo zangu. Chini ya shuka kulikuwa na vitambaa vya mwalimu. Wino wa vingine ulikuwa umefifia, na juu ya herufi zilizofifia mtu alikuwa amepitisha sindano na uzi, herufi kwa herufi.

"Ni Charline," Victoire akasema. "Nilifua zote pamoja, sikuangalia, wino ikaanza kutoka. Akalia kidogo. Kisha akashona. Aliniambia, mama, hivi ni vya kamba, rudisha na nguo."

"Naye atafanya mtihani?"

"Atafanya. Anasoma kule pa dirisha, kelele ni nyingi, lakini anasoma."

"Na hakukwambia uombe hivi vingine?"

"Hakuniambia niombe kitu."

Nikaingia ndani kutafuta cha kutia kwenye beseni. Mkebe wa chai ulikuwa mtupu. Sabuni tuliyokuwa nayo ilikuwa imebaki ngozi tu. Nilifungua na kufunga vitu ambavyo nilijua havina kitu, kwa sababu nilikuwa naona aibu kutoka. Nasiba alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Kisha akatoka.

Nilimwona kupitia dirisha. Alienda kwenye kamba, akaanza upande wetu, akavibandua vitambaa vyake kimoja kimoja: kuamka, kushuka, kupanda, kutoka, kuvuka, kufika, kupotea. Akavikunja kama leso, akavitia katika beseni.

Ningeweza kutoka nikamwambia ngoja. Ningeweza kumkumbusha kwamba nafasi ni moja, na kwamba Charline ana akili ya haraka kuliko yeye, mwalimu mwenyewe alikuwa akisema. Nilishika mlango. Nilitazama mbao za Musafiri, misumari yake iliyopinda pale alipokuwa na haraka. Kisha nikaona mtoto niliyemlea hawezi kurudisha beseni tupu, nikauacha mlango.

Victoire alitazama ndani ya beseni. "Nasiba, mutoto wangu, hivi ni vya nani?"

"Ni vya kamba, mama," Nasiba akasema.

Victoire alinitazama mimi. Alikuwa anajua habari ya Kindu, alijua yote. Nikamwambia, "Chukua. Gari za jioni zitajaa."

Mtihani ulifanyika kwenye jengo moja barabara ya Sake, kabla ya kufika Lac Vert. Vijana walikuwa wengi, lakini kufikia saa nane walikuwa wamebaki watatu: kijana mmoja, Charline, na Nasiba. Mimi na Victoire tulikaa nje juu ya jiwe moja tunagawana karanga.

"Mama Umi, ukiomba kwa Mungu wako, usimtaje Charline vibaya."

"Na wewe usiniwashie mshumaa wa kunishinda."

"Mshumaa bei iko juu. Niliwasha moja tu, kwa ajili ya wote wawili. Yule kijana ndiye hana mtu."

"Basi tumwombee na yeye kidogo."

"Kidogo tu," Victoire akasema.

Ndani, kama Nasiba alivyonieleza baadaye, waliletewa mzee wa Buhene ambaye nyumba yake iko chini ya lava. Mzee alisimulia alivyokimbia, na kila mmoja kwa zamu yake alitakiwa kuigeuza habari hiyo kwa Kiingereza papo hapo, wengine wakingoja nyuma ya turubai. Mzee hakuugua, hakupona, hakuzoea kitu. Aliamka, akatoka, akapanda pikipiki, akashushwa, akavuka, akapotea, akafika.

"Nilikuwa nyuma ya turubai Charline akisema, koko," Nasiba aliniambia. "Nilisikia vitambaa vyangu vyote. Kimoja hadi kingine, bila kukwama. Mimi nilipoingia nilikuwa naviona kwenye kamba, natafuta kibanio kiko wapi. Charline alikuwa anaongea tu."

"Ulikosea?"

"Sikukosea. Nilichelewa."

Mama mmoja wa shirika alitoka mlangoni akataja jina la Charline. Victoire hakupiga kigelegele. Alinishika mkono akauminya, akatazama chini kama mtu aliyevunja sahani ya mwenzake. Tukatembea hivyo mpaka barabarani. Nikaona si haki mtoto wa watu ashinde halafu mama yake ameze furaha yake kwa ajili yangu. Nikapiga kigelegele mimi. Watu wa pikipiki wakageuka. Ndipo naye akapiga, huku analia.

Charline alikuja nyuma na Nasiba, wameshikana mikono. Alinipigia magoti palepale kwenye vumbi. "Koko, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Inuka, utachafua nguo, na mama yako ndiye atakayefua."

Usiku ule nilimpigia Ismael, nikamwambia atafute ndege. Hakushangilia. Aliniuliza tu kama ninahitaji kubeba vitu vingi. Nilimshukuru kwa hilo.

Nyumba nilimpa Victoire aishi na familia yake mpaka Donat ajenge upya. Alitaka kuandikiana mahali, nikamwambia tuna kamba tangu mwaka 2002 na hatujawahi kuiandika. Charline alileta vitambaa vyote, wakagawana na Nasiba. Safari hii hawakufuata upande. Kila mmoja alichagua vile ambavyo mwenzake alikuwa amevifunga uzi na yeye bado.

Asubuhi ya kuondoka niliamka, nikaswali, na mikono yangu ikaanza kufua. Nilifua kitenge kile alichonirudishia Victoire kutoka Sake, gauni langu la kijani, na shuka. Nasiba alitoka akaniona naanika.

"Koko! Gari ya uwanja wa ndege inakuja saa tatu. Hazitakauka."

"Najua."

"Sasa tunazibebaje mbichi?"

"Hatuzibebi."

Alinitazama, kisha akachukua ncha ya pili ya shuka, tukalikung'uta pamoja na kulibana. Victoire alikuwa mlangoni na kikombe mkononi. Aliona tunachofanya. Gari lilipokuja tulikumbatiana haraka kwa sababu dereva alikuwa na maneno mengi, na tulipokata kona ya Mabanga nguo zangu zilikuwa bado zinadondosha maji kwenye kamba.

Sasa tuko Kindu. Ismael ni mtoto mwema, na mke wake hunipa kiti penye upepo. Nyuma ya duka Nasiba amefunga kamba, anafundisha watoto wa mtaa kwa vitambaa vya gunia, na wanakimbia uwanjani wakipanda na kushuka vitu. Mwaka uliofuata baada ya kuondoka kwetu waasi walirudi, na watu wa Rutshuru na Masisi walijaa kwenye mahema upande wa Lac Vert. Charline yuko huko na madaktari wake. Baadhi ya jioni hutuma sauti kwenye simu, na sentensi mpya aliyoisikia siku hiyo, lilelile neno na mzigo mwingine juu yake. Nasiba anaiandika, anaianika, anangoja imtokee.

Juzi Victoire alinipigia. Mstari ulikuwa unakatika. Aliniambia bunduki zinasikika upande wa Sake, lakini Mabanga wanalala, na Donat ameanza kusimamisha ukuta.

"Na nguo zako, Mama Umi, ziko hapa. Nilizianua ile siku, zimekunjwa, ziko mu beseni. Kuna mutu wa ndege anakuja Kindu. Nimupe?"

"Usimpe."

"Nisimupe?"

"Nitakuja kuzichukua mwenyewe."

Mstari ulikatika kidogo, ukarudi.

"Sawa," akasema. "Lakini uje na kitu. Beseni ni yangu."

"Najua," nikamwambia.